Kuandika hadithi ya polisi, ubaguzi na vurugu za mjini: mwongozo kwa mwandishi wa Mtwara na Lindi

Hadithi ya polisi na vurugu huharibika mapema, mara nyingi ukurasa wa kwanza, pale mwandishi anapoanza na matairi yanayowaka. Msomaji anaona moto, ngao na virungu, lakini hamjui mtu hata mmoja pale barabarani, na asiyemjua hawezi kumlilia. Mwongozo huu unaanzia kwenye kaunta ya kituo cha polisi, siku tulivu, na unachelewa kwa makusudi kufika barabarani. Vipimo vyote ni vya hadithi fupi ya maneno 4,000 hivi. Ukiandika riwaya, ongeza matukio. Usirefushe kila tukio.

Tumechukua Mtwara na Lindi kwa sababu hapa watu hawakusimuliwa mambo haya, waliyaona. Desemba 2012 watu waliandamana Mtwara kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Januari 2013 vurugu zikazuka, Masasi ikiwamo. Aprili 2013 Liwale iliwaka kwa sababu ya malipo ya korosho. Tarehe 22 Mei 2013, siku bajeti ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni Dodoma, Mtwara mjini ilifunga maduka kisha ikalipuka, na jeshi likaingia. Wengi waliokuwapo wako hai na watakusoma. Ukiwaandikia uongo watajua kabla hujamaliza aya.

Hatua ya 1: Tafuta cheche ndogo, kisha panga kuni

Cheche iwe kazi ya kawaida ya polisi, jambo ambalo lingeandikwa mistari miwili kwenye kitabu cha kituo. Historia ya miji iliyowaka inaonyesha hivyo. Vurugu za Watts, Los Angeles, zilianza tarehe 11 Agosti 1965 polisi waliposimamisha gari moja barabarani. Za Detroit, Julai 1967, zilianza na msako kwenye baa isiyo na kibali. Kilichomuua George Floyd, Mmarekani mweusi aliyekufa mikononi mwa polisi mjini Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, kilianza na simu ya dukani kuhusu noti ya dola 20 iliyodhaniwa bandia. Hakuna kati ya askari hao aliyeamka asubuhi akijua kuwa leo mji utawaka.

Kwako inaweza kuwa bodaboda aliyesimamishwa barabara ya Mikindani bila kofia ngumu. Inaweza kuwa magunia matatu ya korosho yaliyokamatwa usiku kwa madai kwamba yanakwepa mfumo wa stakabadhi ghalani, unaotaka korosho ziuzwe kupitia ghala. Au kijana aliyepotea mikononi mwa doria kwa saa tano tu, na mama yake akazunguka vituo viwili akiambiwa hayupo.

Cheche peke yake haichomi kitu. Kabla ya kuandika neno la kwanza, orodhesha kuni zisizopungua tatu: manung'uniko ya zamani ambayo kila mtu mtaani anayajua na hakuna anayeyaeleza. Kuni za 2013 zilikuwa na umri mkubwa. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982. Kabla yake palikuwa na mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufa 1951, uliojenga bandari na reli ya kwenda Nachingwea. Reli ile ikang'olewa mapema miaka ya 1960. Mzee wa Mtwara aliyesikia neno "bomba" alikumbuka reli. Usimweke mzee huyo kuhutubia. Mpe kipande cha chuma cha reli anachokitumia kukazia mlango wa banda la kuku, na umtaje mara moja.

Kinachoharibika hapa ni mwandishi kueleza kuni zote kwenye aya moja ndefu ya historia. Gawanya: kila tukio libebe ukuni mmoja, ndani ya sentensi zisizozidi mbili.

Hatua ya 2: Amua ni ubaguzi gani, halafu uonyeshe nani anaaminiwa

Hii ndiyo hatua nzito, ipe muda mrefu kuliko nyingine zote.

Neno "ubaguzi" ni pana mno kwa hadithi. Ibara ya 13 ya Katiba ya 1977 inakataza kumbagua mtu, pamoja na mambo mengine, kwa kabila lake, kwa rangi yake na kwa pahala alipotokea. Haya matatu hayafanani mtaani. Ubaguzi wa rangi Mtwara una mizizi ya kikoloni: katika miji ya wakati ule Wazungu, Wahindi na Waafrika waligawiwa sehemu zao, na ndani ya jeshi la polisi maofisa wakubwa walikuwa Wazungu. Ubaguzi wa kabila ni ule unaomtazama Mmakonde, Mmwera, Myao au Mmakua kwa mzaha uliokwisha kuganda. Ubaguzi wa pahala ndio wa hila zaidi, kwa sababu unajificha ndani ya maneno ya kawaida: "watu wa huku", "wenzetu wa kusini", na upande wa pili, "wakuja", "watu wa bara". Chagua mmoja uwe uti wa mgongo. Miwili mingine ipite kwa mbali.

Sasa, waandishi wengi hudhani ubaguzi ni tusi. Wanamfanya koplo atukane, msomaji anamchukia koplo, na hadithi inaishia hapo. Ubaguzi wa polisi hukaa mahali pengine: kwenye suala la nani anaaminiwa. Nani anaombwa risiti na nani haombwi. Nani anapewa kiti. Jina la nani linaandikwa vizuri. Nani anaambiwa "njoo kesho".

Linganisha. Rasimu dhaifu inasema hivi:

"Koplo Masatu alikuwa mbaguzi. Aliwadharau sana Wamakonde na aliwaita washamba."

Msomaji hana la kufanya na sentensi hii. Tazama jambo lile lile likiwa kaunta:

"Jina?"
"Somoe Nandonde, mwanangu."
"Nan… nini?"
"Nandonde."
Koplo akaandika Nandone, akaendelea. "Umeibiwa nini, bibi?"
"Simu. Ya kupangusa. Kaninunulia mjukuu."
"Risiti?"
"Iko kwa mjukuu, Dar."
"Sasa nitajuaje kama ni yako?"
Mlango ukasukumwa. Mwanamume mwenye ufunguo wa gari kidoleni akasema naye kaibiwa simu, pale pale sokoni. Koplo akavuta kiti kwa mguu, akakisogeza upande ule. "Karibu, mzee. Simu aina gani?"

Hakuna tusi. Koplo hata anamwita "bibi" kwa adabu. Lakini mmoja kaombwa risiti, mwingine kaulizwa aina ya simu. Herufi moja imedondoka kwenye jina, na utaitumia baadaye: bibi akirudi na namba ya RB, yaani kumbukumbu ya taarifa yake kituoni, jina halipatikani kitabuni. Mzee mwenye gari naye usimfanye mtu mbaya. Anakaa kwenye kiti kile bila kufikiri, na hilo linatosha.

Tumia kanuni ya mbili kwa moja: matukio mawili ya kaunta ya namna hii kabla ya tusi moja la wazi. Katika maneno 4,000, tusi la wazi likizidi mara mbili linapoteza makali na kuwa kelele. Na ukiliandika, liandike lilivyo. Nyota tatu badala ya neno humsitiri aliyetukana.

Utani wa makabila unahitaji uangalifu wa pekee. Kusini utani ni kitu halisi chenye haki na wajibu. Watani huzikana na kutaniana msibani. Mzaha wa samaki nchanga, yaani panya wa porini anayeliwa Newala, Tandahimba na Masasi, unaweza kuwa utani mtamu kijiweni. Mzaha ule ule ukitolewa na mwenye pingu kwa aliyekaa sakafuni si utani tena, kwa sababu mmoja hana ruhusa ya kujibu. Mbinu nzuri ni kuuleta mara mbili: kwanza askari wawili walio sawa kwa cheo wakitaniana kwenye chai, halafu maneno yale yale mlangoni mwa mahabusu. Usibadilishe hata neno. Msomaji ataona mwenyewe kilichobadilika.

Onyo moja tunalolishikilia sana: usilipize. Hadithi ambamo kila mtu wa bara ni mnyanyasaji na kila mwenyeji ni malaika imebagua vile vile, imegeuza kanzu tu. Mpe Masatu, aliyetoka Ukerewe, barua ya mama yake mgonjwa na uhamisho uliokataliwa. Mpe Somoe jirani wa kutoka mbali ambaye Somoe hakumsalimu kwa miaka miwili kwa sababu tu ni mkuja.

Hatua ya 3: Mjenge askari kuanzia cheo hadi godoro

Vyeo kwanza, maana hapa ndipo waandishi hukosea hadharani. Kuanzia chini: konstebo, koplo, sajenti, stafu sajenti, sajenti meja. Kisha mkaguzi msaidizi na mkaguzi. Mrakibu msaidizi, mrakibu, mrakibu mwandamizi. Kamishna msaidizi na kuendelea hadi Inspekta Jenerali. Kituo kina mkuu wake, OCS. Wilaya ina OCD. Mkoa una RPC, ambaye magazeti humwita Kamanda wa Polisi Mkoa. Upelelezi una mstari wake wenyewe. Kikosi cha Kutuliza Ghasia, FFU, ambacho mitaani watu hukitafsiri "Fanya Fujo Uone", si wale wanaokaa kaunta. Askari wa kawaida huvaa kaki, wa usalama barabarani huvaa nyeupe. Wanajeshi wa JWTZ si polisi, vyeo vyao ni vingine kabisa, na wakiingia mjini wahusika wako watatambua tofauti hiyo kabla hawajaona nyuso.

Katika hadithi ya maneno 4,000 askari watatu wanatosha: mmoja anayetoa amri, mmoja anayeitekeleza, na mmoja anayeisikia vibaya au asiyetaka kuisikia. Huyu wa tatu ndiye hadithi yako. Tunapendekeza awe mwenyeji. Fikiria WP (yaani askari wa kike) Hadija, konstebo kutoka Newala, aliyepita depo, chuo cha polisi Moshi, akapangiwa Mtwara. Wenzake humwuliza maana ya maneno ya Kimakonde wanayoyasikia mahabusu. Shangazi zake humwuliza kwa nini anawafungia watoto wao. Kila upande unamhesabu wa upande ule mwingine. Mtu wa namna hii habebi hotuba. Anabeba mikono miwili isiyojua pa kwenda.

Mjue anaishi wapi. Askari wengi huishi kota, ukuta kwa ukuta, na watoto wao husoma shule moja na watoto wa mtaa. Mke wa sajenti anauza maandazi kwa vijana wale wale ambao mumewe atawakimbiza jioni. Vurugu zikianza, familia iliyoko kota ndiyo askari anayoiwaza akiwa amesimama na ngao, na hilo hueleza hasira na woga wake kuliko maelezo yoyote ya tabia.

Vifaa viitwe kwa majina yake. Gari ni difenda. La kubebea mahabusu ni karandinga. Bunduki ya askari ni SMG. Simu ya upepo ni redio koli. Kumwinua mtu kwa kumkaba mkanda wa suruali kwa nyuma ni Tanganyika jeki, na anayepigwa jeki hutembea kwa vidole, andika vidole. Askari wa chini humwita mkubwa wake "afande", na raia naye humwita askari yeyote "afande", lakini bibi wa miaka 70 atasema "mwanangu" na kijana aliyezoea kukamatwa atasema "mkuu". Chaguo hilo moja linamweleza msemaji.

Hatua ya 4: Chora mji, jua na upepo

Chukua karatasi. Chora barabara zisizozidi sita, weka kituo, soko, stendi, hospitali, nyumba ya mhusika mkuu. Mtwara ina Ligula yenye hospitali ya rufaa ya mkoa, Shangani kuelekea baharini, Magomeni, Chikongola, Majengo, Chuno. Mikindani iko mbele kwenye barabara ya Lindi. Lindi mjini ni padogo na pamebanwa kati ya vilima na ghuba, hospitali ni Sokoine, mitaa ni kama Rahaleo, Mikumbi, Mtanda na Ndoro. Jiografia hii ni silaha ya msimulizi. Mtwara ina barabara pana za mji uliopangwa, umati unaonekana kutoka mbali. Ukiipeleka hadithi Lindi, mteremko na bahari vinawabana watu: wakikimbilia chini wanafika majini.

Kama tukio ni la Mei, jua Mtwara huzama karibu saa 12 kamili jioni. Waandishi wengi huwasha mapambano "saa 12 na nusu, jua likichwea", na hapo giza limeshaingia na adhana ya Magharibi imekwisha. Mei ni mwanzo wa kusi, upepo unatoka kusini, kwa hiyo moshi husogea kaskazini. Ukiiweka Januari, kaskazi kinaugeuza. Oktoba hadi Desemba kuna harufu ya mabibo yaliyoiva kila mahali, na fedha za korosho mifukoni au hasira ya kuzikosa.

Andika ratiba ya siku nzima kabla ya hadithi. Mfano:

Saa 3:10 asubuhi, bibi yuko kaunta.
Saa 5:00, doria inamkamata kijana wa bodaboda, mjukuu wa jirani yake.
Saa 6:40 mchana, ujumbe wa kwanza unaruka kwenye simu: "kauawa".
Saa 7:15, kijana yuko hai, amekaa sakafuni mahabusu, hakuna anayejua.
Saa 8:00, maduka matatu yanashusha milango.
Saa 9:30, jiwe la kwanza.
Saa 12:00, jua linazama.

Pengo la kati ya saa 6:40 na 7:15 ndilo moyo wa hadithi hii. Mtu mmoja kituoni, Hadija, anaweza kulifunga kwa kumtoa kijana nje aonekane. Kwa nini hakufanya? Jibu la swali hilo liandike kwa maneno 300 kwenye daftari la pembeni hata kama halitaingia hadithini. Kama jibu lako ni "aliogopa" tu, bado hujalipata. Aliomba ruhusa kwa nani, akajibiwa nini, na yule aliyemjibu alikuwa anasubiri simu ya nani?

Hatua ya 5: Barabarani

Umati si mtu mmoja mwenye vichwa elfu. Andika watu watano ndani yake: anayetaka kulipiza, anayepita tu na ndoo ya dagaa, anayetafuta mtoto wake, anayevizia duka livunjwe, na anayejaribu kutuliza. Kila mmoja apate kitendo kimoja, si wasifu. Umati ukisema, useme kifupi. Mwaka 2013 neno lilikuwa "gesi haitoki". Maneno mawili, yanaimbika. Kaulimbiu ya maneno tisa haijawahi kuimbwa na mtu anayekimbia.

Panda ngazi moja moja: mji kunyamaza, milango kufungwa, bodaboda kutoweka kijiweni, wavulana kukusanyika pembeni mwa barabara, karandinga kupita taratibu, ilani ya kutawanyika kwa kipaza sauti, jiwe, bomu la machozi. Kimya cha mwanzo kinatisha kuliko mlipuko, kwa hiyo kipe nafasi kubwa kuliko unavyodhani, maneno 400 kamili. Soko saa 8 mchana bila sauti ya mtu anayenadi nyanya. Mwenye duka anashusha mlango wa chuma huku redio ya ndani ikiendelea kusoma bajeti.

Bomu la machozi usiliandike kama moshi wa jikoni. Linatoka kwa mshindo mzito, linaanguka, linazunguka chini likitoa sauti ya kufyonza, na kopo lake ni la moto, anayelidaka ili alirushe huungua kiganja. Ni unga laini unaopanda hewani. Macho hufunga yenyewe ndani ya sekunde, kamasi hutiririka, kifua hukaza, mtu anadhani anakufa. Kwenye hewa safi mara nyingi hupungua baada ya nusu saa hivi, lakini ndani ya nyumba hukaa, na kwa mtoto mchanga au mgonjwa wa pumu ni hatari ya kweli. Kwa hiyo tukio la nguvu zaidi huwa haliko barabarani, liko chumbani ambamo kopo limeingia kupitia dirishani, mama anamfunika mtoto kwa kanga iliyoloa.

Risasi za moto zina mlio mkavu, na waliozoea mabomu hujua tofauti mara moja. Kama mhusika atapigwa risasi, iwe mara moja katika hadithi nzima, na ilete kazi: nani anambeba, kwa bajaji ya nani, kupitia njia gani kama barabara imefungwa. Mei 2013 daraja la njia ya Mikindani liliharibiwa. Jiulize mgonjwa aliye upande ule alifikaje Ligula. Swali la namna hiyo ndilo linalozaa sura nzima.

Uvumi uandike kama mhusika. Ufuatilie mdomo kwa mdomo mara nne, na kila mara ubadilike kitu kimoja tu: "kapigwa", "kapigwa vibaya", "yuko mochwari", "wameua wawili". Ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo msomaji haamini.

Hatua ya 6: Lugha ya midomo

Usiandike lafudhi ya kusini kwa kuharibu tahajia ya kila neno; itasomeka kama kejeli. Neno moja linatosha: bibi akisema "ntoto" badala ya "mtoto" mara mbili katika hadithi nzima, msomaji atamsikia hivyo hadi mwisho. Kama lafudhi ya Somoe unaiandika na ya Masatu unaiacha kama Kiswahili cha redio, umebagua wewe mwenyewe kwa kalamu. Ama zote ama hakuna.

Lugha ya taarifa za polisi ni hazina. Hukumu nyingi za mahakama za Tanzania zinasomeka bure kwenye tovuti ya TanzLII. Soma kumi za kesi za jinai, utaona ushahidi wa askari ulivyo na mwendo wake wa tarehe, saa, doria na maelekezo ya mkubwa. Andika tukio lako la barabarani kwanza kama taarifa hiyo, maneno 150. Kisha liandike kama alivyoliona Hadija. Tofauti kati ya karatasi hizo mbili inaweza kuwa mwisho wa hadithi yako.

Hatua ya 7: Baada ya moto

Waandishi huacha jioni ile ile. Ukweli unaoumiza uko kesho yake. Majeruhi anayetaka baadaye kudai haki anahitaji PF3, fomu ya polisi inayojazwa na daktari, na fomu hiyo hutolewa kituo cha polisi. Yaani aliyepigwa na askari anarudi kwenye kaunta ile ile kuomba karatasi, na anayeishika kalamu ni koplo wa asubuhi. Hadithi haihitaji kuongeza lolote hapo.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na mahojiano ya mwanzo yasizidi saa 4 bila kuongezwa muda. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke. Mambo haya yakivunjwa katika hadithi, awepo mtu anayejua yanavunjwa, hata kama ananyamaza. Mkusanyiko haramu kisheria unaanza na watu watatu. Vijana wanne waliosimama chini ya mwarobaini wanaweza kukamatwa kwa kosa hilo, na unaweza kuitumia.

Hatua ya 8: Ukweli wa watu na ubunifu wako

Bajeti, tarehe, majina ya mitaa na matukio ya hadharani viache vilivyo. Waliokufa, waliojeruhiwa na askari halisi usiwatumie, hata kwa kubadilisha herufi mbili za jina. Mtu wa Mtwara atamtambua marehemu kwa kazi yake na mtaa wake. Badilisha vitatu kwa pamoja: kazi, mtaa na namna alivyoumia.

Ukihoji watu, usiandike majina yao daftarini, tumia alama. Usimuulize askari mstaafu siri za operesheni, atafunga mdomo na ana haki. Muulize viatu vilimbana wapi, alikula nini siku ile, alirudi nyumbani saa ngapi. Muulize mama mwenye duka alifunga kufuli ngapi. Aliyepoteza ndugu, usimwendee na swali kabisa. Akitaka kusema, msikilize, na usichukue sentensi yake kuitia mdomoni mwa mhusika bila idhini.

Hatua ya 9: Kusahihisha

Acha rasimu wiki mbili. Kisha pita mara tatu, kila mara kwa jambo moja. Pito la kwanza, kalamu nyekundu: kila mahali msimulizi alipotumia "mbaguzi", "mkatili", "mnyonge", "wananchi wenye hasira". Futa, weka kitendo. Pito la pili, saa na umbali: linganisha na ratiba na ramani, mtu hatembei kutoka Mikindani hadi Ligula kwa dakika kumi. Pito la tatu, mizani ya sauti: hesabu mistari ya maneno ya askari na ya raia. Upande mmoja ukizidi mara tatu, kuna mtu umemnyima mdomo.

Halafu isome kwa sauti mbele ya watu wawili tofauti, kila mmoja kwa siku yake: aliyewahi kuvaa sare, na aliyewahi kulala mahabusu. Usiwaulize kama wameipenda. Waulize ni sentensi gani waliacha kuamini. Wakitaja sentensi moja wote wawili, ikate siku hiyo hiyo. Wakitofautiana, yaani askari anapinga pale ambapo mwenzake alitikisa kichwa kukubali, iache, uiangalie tena baada ya siku tatu.

Mwisho pitia majina. Nandonde liandikwe sawasawa kila mahali katika hadithi, hadi kwenye mstari wa mwisho, isipokuwa ndani ya kitabu cha kituo.